Si Haba

Kazi yangu ni kubonyeza.
Sentensi inakuja, naisoma, nachagua:
nzuri, mbaya, au ya kati.
Mia tatu kabla ya chakula cha mchana,
ghorofa ya tatu, Tartu, Februari,
dirisha limeziba kwa barafu
kama jicho lililoota mtoto wa jicho.

Imre, kijana wa mashine, huvaa soksi zisizofanana
na ana subira ya mwalimu wa chekechea.
"Bibi Urve," asema, "usifikiri sana.
Haijui kitu. Inakula unachoilisha."
Kulisha najua. Nimelea watatu.

Zamani nilikuwa karani wa telegramu.
Tulihesabu maneno, kila neno na kopeki zake.
Watu walisimama mbele yangu na kalamu
wakikata: kwanza "mpendwa", kisha "tafadhali",
mwisho hata jina lao.
MAMA AMEKWENDA NJOO NA VIATU VYEUSI.
Maneno sita. Nikapokea hela, nikagonga muhuri,
sikuuliza amekwenda wapi.

Juzi niliiandikia mashine sentensi ileile.
Ikaichambua sawasawa, sina ugomvi:
kiima ni mama, kitenzi ni kwenda,
kitenzi cha pili kinaamuru, viatu ni vyeusi,
na mishale ya buluu toka neno hadi neno
kama uzi wa sweta ambayo haijafumwa ikaisha.
Hisia: ya kati.
Mada: safari na mavazi.

Imre akacheka, kisha akauona uso wangu.
"Haijaona ya kutosha," akasema.
Kweli. Nani kati yetu ameona ya kutosha?

Mume wangu Endel alikunywa supu yangu ya kabichi
miaka thelathini na minane.
Aliweka kijiko, akafuta masharubu,
akasema: si haba.
Hakuzidisha. Siku ya harusi yetu, si haba.
Kifungua mimba alipozaliwa, mwekundu kama kiazisukari,
akilia hadi jirani akafungua dirisha,
alimtazama muda mrefu
kuliko nilivyopata kumwona akitazama kitu chochote.
Si haba.

Mashine ikaona "si", ikaona "haba",
kanusho limekalia upungufu.
Mbaya, ikasema. Asilimia tisini na moja.

Sikutaka kubishana na chombo kisichoshika kijiko.
Nikavuta kiti, nikaandika.
Si haba, alisema, akaongeza bakuli.
Si haba, alisema, akanivisha koti lake.
Si haba, alisema, amenipa mgongo
nisione macho yake.
Mia mbili na kumi, zote nikazibonyeza nzuri;
nyingine za kweli, nyingine nimemtungia,
huko aliko hatanishitaki.

Ila moja.
Ile ya hospitali, asubuhi,
nilipomuuliza usiku ulikuwaje.
Kidole kilikaa juu ya vitufe vitatu,
kikatafuta cha nne.
Nikaifuta.

Machi, barafu ilipoanza kupasuka mtoni
(mto wetu jina lake lina mama ndani),
Imre aliniita kwa kelele, nusura ateleze sakafuni:
"Njoo uone! Imejifunza!"
Akaandika: Supu si haba.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nami nikajikuta nimeshika ukingo wa meza
kama mtu aliyepakua chakula anangoja neno.

Nzuri. Asilimia hamsini na mbili.

"Bado kidogo," akasema, "tutaipandisha."
"Iache," nikamwambia.
Nusu, na tone juu ya nusu.
Endel mwenyewe hakuwahi kupita hapo.